Mgeni wa Njia ya Kaskazini

Cheka ukitaka, ningekuwa wewe nami ningecheka. Darasani kwetu Changamwe mimi ndiye mwongo anayejulikana. Nimewahi kumwambia mwalimu kwamba mbuzi wa jirani amekula hesabu zangu, na jirani hana mbuzi. Lakini hili sikulitunga. Wallahi, lina ushahidi, na ushahidi wenyewe naufunika kwa soksi kila asubuhi.

Sisi skauti wa shule tulikuwa tunajiandaa kupanda Kilimanjaro wakati wa likizo. Mwalimu Jabiri aliuchora mlima ubaoni, ukafanana na kofia iliyokaliwa, kisha akachora njia mbili. Ya kusini, ya Marangu, inapita msituni, ina mabanda ya kulala, na hupandwa polepole, siku baada ya siku. Ya kaskazini, ya Loitokitok, ni fupi na kavu, unalala mapangoni, na wapitaji wake ni wachache. Chini ya kilele hukutana.

"Chagueni wenyewe," akasema. "Alasiri mniambie. Mwenye miguu ndiye aijuaye."

Mimi nilitaka kaskazini. Kwa nini? Kwa sababu mabanda ni ya maharusi! Kombo, rafiki yangu wa Jomvu Kuu, alitaka Marangu.

"Huko juu pumzi hukatika, yakhe. Heri kuchelewa njiani kuliko kuwahi kaburini."

Nikamwambia achukue na mto wake, na bibi yake amwimbie alale. Wenzetu wakaangua kicheko, wakawa upande wangu wote.

Jua lilipofika utosini wenzetu walikwenda makwao kula. Tukabaki mimi na Kombo katika kibanda cha mabati nyuma ya shule, tukichemsha muhogo. Joto lake, we acha tu. Hata kunguru walikuwa wamenyamaza.

"Hodi."

Mara moja, basi. Kombo akaweka kidole mdomoni. Kwao hodi ya saa saba mchana haiitikiwi mpaka ibishwe mara ya tatu, maana wasio watu hubisha mara moja tu. Bibi yake ndiye aliyemfunza. Sasa nawe niambie, mtu kama mimi ataiachaje nafasi kama hiyo?

"Karibu, mgeni!" nikapaza sauti. "Kiti hakuna, lakini makalio unayo!"

Akaingia mwanamume aliyevaa koti zito la jeshi, kama yale waliyorudi nayo askari vita vilipokwisha, na juu yake blanketi. Changamwe! Saa saba! Alikuwa akitetemeka, na kila alipopumua mvuke mweupe ulimtoka mdomoni.

"Shikamoo," nikasema.

Hakuitika marahaba. Alichuchumaa penye jiko, akaitia mikono motoni. Sisemi juu ya moto, nasema ndani. Makaa yakalia chwaa, yakazimika. Mikono haikuungua.

"Mlimani mnapita njia gani?" akauliza.

Nani alimwambia?

"Kaskazini," nikajibu, na sauti yangu ikatoka ya mtoto.

"Vyema. Mimi nilikuwa mpagazi huko. Kifua kilinibana pangoni. Wenzangu wakasema wanashuka kuleta msaada. Hakuna aliyenisindikiza." Akasimama. "Wewe umenikaribisha. Nisindikize."

Ada yetu unaijua. Uliyemkaribisha humwachi aondoke peke yake. Unamtoa, mnatembea, mpaka mwenyewe akwambie, basi, rudi. Nikainuka. Niamini, sikutaka! Miguu iliinuka, nami nikaifuata.

Tukavuka reli. Nilimtazama ili aniambie nirudi, naye akazidi kwenda. Nilikuwa pekupeku, na mchanga ambao saa ile ungekaanga yai ulikuwa baridi, baridi yenye meno. Nikatazama chini, sikuiona miguu yangu kwa ukungu. Nikatazama mbele, minazi haipo. Palikuwa na mawe tu, yakipanda, yakipanda. Nikatafuta mzaha wa kusema. Nilikuwa sina hata mmoja.

Ndipo nikasikia mbio nyuma yangu.

"Mgeni! Mgeni wetu, hujala!"

Yule mtu akasimama.

Alikuwa Kombo, akihema, machozi yakimtiririka. "Mgeni hasindikizwi na njaa. Hapo tutakuwa tumekufukuza." Akamnyooshea kipande cha muhogo, kimefungwa katika skafu yake ya skauti, ile iliyochanika na bibi yake akaishona kwa uzi mwekundu.

Mgeni akakipokea kwa mikono miwili. Akakitazama sana.

"Hata wale," akasema taratibu, "hawakuniachia kitu." Kisha akatugeuzia mgongo. "Basi. Rudini."

Hapohapo jua likanipiga utosini, minazi ikarudi mahali pake, nikaanguka juu ya mchanga. Kombo anasema ulikuwa wa moto. Miguu yangu haikuusikia.

Alasiri Mwalimu Jabiri alipouliza, nilisema "Marangu!" kabla hajamaliza. Wenzetu wakacheka, wakidhani ni zile zangu, mpaka nilipowaonyesha mguu wa kulia. Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Daktari aliyevikata aliniuliza nilikanyaga barafu wapi. Nimjibu nini? Relini?

Mlimani sikwenda. Kombo alikwenda na wenzetu kwa njia ya Marangu, polepole kama alivyotaka, na wote walirudi. Alingoja tubaki wawili, ndipo akatoa kitu mfukoni. Skafu yake. Aliikuta chini ya kilele, pale njia mbili zinapokutana, imefungwa kwenye jiwe, uzi mwekundu ungalipo. Ndani mlikuwa na muhogo mgumu kama kokoto. Nusu imeliwa. Nusu tumebakiziwa wenyeji, kama afanyavyo mgeni mwenye adabu.

Siku hizi hodi ya mchana siitikii mpaka ya tatu. Mama anasema nimekuwa kiziwi. Na iwe hivyo. Nawe unayekwenda kupanda mlima, usiulize tu njia ipi fupi. Uliza ni nani aliyeachwa juu yake. Na ikiwa neno karibu limeshakuponyoka, kama lilivyoniponyoka mimi, usinyanyuke kumsindikiza mtu kabla hujamlisha.

Muhogo unatosha. Najua.