Seva imemsingizia Koku

Leo nimempa mhariri wangu Koku barua ya onyo kwa kosa la kompyuta!

Studio yetu ya video hapa Buhembe ina seva ya Linux, kompyuta kuu ya kuhifadhia kazi zetu zote. Kila mhariri nimempimia mgawo wa nafasi, GB 200, asizidishe. Asubuhi ikagoma kupokea video ya harusi tuliyopiga Muleba, eti Koku amejaza nafasi yake.

“Umejaza sinema humu!” nikamfokea, barua mkononi.

“Bosi, si uhesabu mwenyewe?”

Nikahesabu faili zake zote. GB 61.

Nikaiamuru seva ihesabu upya. Ikaganda saa mbili nzima, kazi zote zikasimama.

Huo mgawo wa nafasi nimeuzima. Harusi ikaingia papo hapo. Barua nimeichana mbele ya wote, na radhi nimeomba.

Fundi aliyeniwekea mgawo kanipigia: “Utajuta, mtu mmoja ataijaza seva nzima. Uwashe.”

“Nitawasha siku utakapokuja wewe kumwandikia Koku barua ya onyo.”

Wenye seva semeni, lakini siwashi.