Kumfunda Mwali wa Chuo

Korosho zilipoanza kudondoka mwaka jana, mama aliniambia nimfunde mdogo wangu. Hakumaanisha mambo ya ukubwa, hayo alishafundwa zamani akiwa binti mdogo, kama sisi sote tuliokulia huku Chinongwe. Alimaanisha chuo. Mdogo wangu alikuwa amechaguliwa kwenda chuo kikuu kusomea ualimu, na kwa kuwa katika ukoo wetu mimi peke yangu ndiye niliyewahi kulala bweni la chuo kikuu, mama aliona kungwi hawezi kuwa mwingine.

Nilicheka. Mama hakucheka.

"Mama, chuo hakina unyago," nikamwambia.

"Ndiyo maana mnarudi mlivyo," akajibu, akaendelea kukonyoa korosho kwenye mabibo yake, hata hakuniangalia.

Hilo lilinichoma, maana aliyerudi ni mimi.

Nina shahada ya ualimu, Kiswahili na Historia. Nilipomaliza nilikwenda kujitolea kwenye shule moja huko Marambo, upande wa Nachingwea, ambako walimu walikuwa hawatoshi hata kwa bahati mbaya. Wazazi walinilisha kwa unga na mbaazi, nikapewa chumba chenye popo, nikafundisha vidato vyote hadi sauti ikakauka. Niliipenda ile kazi, nisiseme uongo. Kisha akaja mwalimu wa ajira ya serikali, kijana mpole, akakabidhiwa vipindi vyangu, na mimi nikaagwa kwa kanga moja na soda ya moto. Baada ya hapo nimefanya usaili mpaka nimezijua sura za wenzangu tunaokosa pamoja. Tunasalimiana kama watu wa kijiji kimoja. Huku nyumbani nalima ufuta na kuokota korosho, na watu bado wananiita madamu, hata wanaponikuta nina udongo mpaka magotini. Wengine wananitania. Wengine, na hao ndio wanaoniumiza, wananiita hivyo kwa heshima kabisa.

Sasa mtu kama mimi umpeleke chumbani akamfunde mtoto maisha ya chuo. Ningemwambia nini? Nikimpa moyo nitakuwa mwongo, na atakuja kunikumbuka siku yake ya kukaa barazani na vyeti. Nikimwambia ukweli nitakuwa nimemvunja moyo hata kabla basi halijafika Nachingwea. Nilikosa usingizi kwa ajili hiyo. Nilimpenda mdogo wangu, na sikutaka mimi niwe ndiye nitakayemuumiza.

Wakati mimi nahangaika na hayo, baba alikuwa anachonga mpini wa jembe. Mzee wangu ana imani moja haibadiliki, kwamba shule ni shule. Tulipokwenda sekondari ya bweni tuliagizwa jembe, fyekeo, ndoo na ufagio wa chelewa, kwa hiyo chuo kikuu nacho, kwa kuwa ni kikubwa zaidi, lazima kitataka jembe zuri zaidi. Mimi nilikwenda nalo. Nilishuka kwenye gari na begi mkono mmoja na jembe jipya mkono wa pili, nikapita nalo katikati ya wasichana wa mjini wenye masanduku ya magurudumu, na mlinzi wa getini akaniuliza kama nimekuja kumtafuta bwana bustani. Lilikaa chini ya kitanda changu mpaka nilipohitimu. Sikuwahi kumwambia baba, kwa kuwa kila likizo aliniuliza kama linakata vizuri, na mimi nilijibu linakata.

Safari hii nilimwambia. Nilisema, "Baba, kule hawalimi." Aliacha kuchonga, mpini bado uko mapajani.

"Sasa wanakula nini?" akauliza.

Nikamweleza mambo ya mama ntilie na kantini. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza bwana shamba, kisha akausimamisha mpini ukutani na kwenda zake kwenye mikorosho. Nilijuta kusema.

Siku ya kufundwa mama alitandika mkeka chumbani, akafunga dirisha, akamkalisha mdogo wangu amenyoosha miguu na kanga kichwani. Mchana kweupe, joto la mabati, jasho linatutiririka, na uani wanawake wa jirani wamekuja na pombe ya mabibo kana kwamba mwali kweli yumo ndani. Somo yake, bibi jirani yetu aliyemfunda alipovunja ungo, ndiye aliyefungua shughuli. Kiswahili chake ni cha kukokota, anachanganya na Kimwera, lakini siku hiyo alijitahidi kwa sababu jambo lenyewe aliliona la serikali.

"Ntoto, huko uendako sie hatukujui," alisema. "Mie najua kulima na kuzalisha. Nkubwa wako ndo kafika. Nsikilize."

Akainuka kwa kuegemea ukuta, akatoka pamoja na mama, akatufungia mlango. Nikabaki na mdogo wangu.

Nikaanza na mepesi. Nikamwambia awahi kuomba hosteli, maana wanaochelewa huishia kubebana, watu wawili kitanda cha mmoja, na mwenye kitanda ndiye anayeamua taa izimwe saa ngapi. Pesa ya mkopo wanaiita bumu, nikasema, ikitoka watu wanakula chipsi kuku wiki nzima halafu wanahamia kwenye mihogo, kwa hiyo yeye aanze na mihogo. Asikubali kuingia kikundi cha kazi na watu wanaoleta majina tu. Mhadhiri akikimbia na Kiingereza chake amfuate nje baadaye, amuulize kwa Kiswahili, hakuna atakayemla. Watamcheka anavyotamka, waseme huyu wa kusini, na yeye acheke nao mpaka wachoke.

Alikuwa anaitikia kwa kichwa, kanga inamshuka usoni. Nilianza kufurahia. Kwa muda kidogo nilikuwa tena mbele ya darasa, mtu ananisikiliza, ninachosema kina kazi. Halafu nikamtazama vidole. Vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya korosho, ngozi imebabuka, sawasawa na vyangu.

Nikaona bora nimalize. Nikamwambia, "Mdogo wangu, utasoma, utafaulu, nakujua. Lakini usifikirie kwamba ukimaliza kuna mtu anakusubiri. Mimi sikufeli somo hata moja. Sikuchezea chuo, sikupata mimba, sikufukuzwa. Nilifanya kila nilichoambiwa nifanye, na niko hapa." Sauti ilinikatika pale mwisho na nilijichukia kwa hilo, maana kungwi halii mbele ya mwali.

Nilitegemea atalia yeye. Hakulia. Alitoa ile kanga kichwani, akaikunja vizuri, akaiweka pembeni.

"Dada, tangu urudi tunalala chumba kimoja," alisema. "Ulidhani sijui?"

"Kama unajua, kwa nini ualimu?"

"Ndiyo nafasi niliyopata." Alisema kwa upole, kama yeye ndiye mkubwa. "Nisipokwenda nitaokota korosho. Nikienda, nitaziokota baadaye. Basi acha niende."

Niliyekuwa nimehofia kumvunja moyo, kumbe moyo wenyewe ulishavunjika humu humu ndani, akinitazama. Kila asubuhi nilipofungua simu kutafuta majina ya walioitwa kazini, nikaifunga na kuchukua kikapu, kuna mtu kitandani alikuwa anajifunza. Niliona aibu, na chini ya aibu niliona hasira. Sikujua nimkasirikie nani. Yeye alikuwa na haki ya kwenda na ndoto angalau za mwaka wa kwanza. Mimi nilikwenda nazo.

"Hayo ya hosteli na bumu nitayaona hukohuko," akaendelea. "Wenzangu wa kidato cha sita wananitumia kwenye simu, nayajua. Mimi nataka unifunde la kurudi."

"La kurudi vipi?"

"Nikisharudi. Watu wanakuita madamu na wewe umebeba kikapu. Mama anawaambia wageni kwamba unasubiri kituo cha kazi. Baba anakuuliza habari za usaili kila simu yako inapolia. Unafanyaje? Ukiamka asubuhi, unaanzaje?"

Alikuwa hanisuti. Aliuliza kama mwanafunzi mwenye bidii anayetaka kuandika jibu. Nilimtazama, nikatafuta. Nikapita miaka yangu yote ya tangu kuhitimu, nikitafuta asubuhi moja tu ambayo ningeweza kumwonyesha na kusema, fanya hivi, hivi ndivyo inavyowezekana. Nje nilisikia wanawake wameanza kuimba, na mtu akawanyamazisha.

Mlango ukagongwa. Kwa desturi yetu mwali hatoki mpaka kungwi aulizwe mbele ya watu kama mtoto ameshika mafundisho, na mama hakutaka kuruka hata kipengele kimoja.

"Kaelewa?" mama akauliza kwa sauti ya kusikika uani kote. Nilisikia alivyokuwa na furaha.

"Kaelewa," nikajibu.

Mama akapiga kigelegele, wanawake wakampokea, na mdogo wangu alikuwa bado amekaa palepale kwenye mkeka, ananitazama, anasubiri nimjibu.