Umm Sattuf na Majina ya Ndege za Kivita

Serikali hununua ndege za kivita, majenerali huzipa namba, na waundaji huzipa majina ya wanyama wakali. Kwetu Tal Hawwar, mashambani mwa Idlib, kazi ya kuzipa majina tulimwachia Umm Sattuf, kwa sababu ndiye aliyekaa juu ya paa na redio ya mkononi akizipokea na kututangazia.

Hakuuliza zimeundwa wapi. Aliangalia tabia. Helikopta ya kumwaga mapipa ya baruti aliiita Mjamzito, maana huja polepole na kujifungua popote. Akimtaja huyo, tulikimbilia kwenye mizeituni, kwani pipa huangusha nyumba nzima. Bwana Harusi alikuwa na kelele nyingi, shughuli moja, kisha huyo kaondoka. Kwake tuliingia pangoni, na akishapita tulitoka kufukua watu. Mbaya zaidi alikuwa Mama Mkwe. Hupiga, huenda kando kama aliyeridhika, kisha hurudi kuwamaliza waliokuja kufukua.

Jirani yake Abu Dirgham, aliyekuwa fundi wa kikosi cha anga kabla hajatoroka, alichefukwa na majina hayo. Kwake ndege ilikuwa namba yake tu, ishirini na mbili au ishirini na nne. Alisema jeshi lina heshima yake, na jeshi hilohilo lilikuwa limemchomea kuku wake wote, hata hakubakiwa na manyoya.

Ijumaa moja, Umm Sattuf alitangaza Mama Mkwe, na sote tukaingia pangoni, isipokuwa yeye aliyebaki juu ya paa lake, na mumewe Hammud, ambaye mguu wake ulikuwa kwenye plasta na aliyechoka kubebwa kila siku kama gunia la ngano. Bomu lilitua uani kwake. Nusu ya nyumba ikamshukia Hammud, na nusu aliyokaa Umm Sattuf juu yake ikasimama. Jirani wa upande wa pili, aliyekuwa bado anatafuta viatu, alikatwa kiunoni, na viatu vikabaki salama.

Kutoka pangoni tulisikia sauti ya Umm Sattuf redioni. Alituambia boriti imemlalia Hammud kifuani, anakoroma damu, na yeye peke yake haiwezi. Tukashika sepetu. Angetaja Bwana Harusi tu, tungefika wote.

"Msije," akasema. "Ni Mama Mkwe, anageuka. Atakayetoka humo nitamlaani mpaka babu yake kaburini."

Tukaketi. Abu Dirgham hakuketi.

"Ile ni ishirini na mbili," alisema. "Nimezihudumia kwa mikono hii. Hairudi ile."

"Kaa chini, we fundi wa skrubu," binamu yangu akamwambia. "Umm Sattuf mwenyewe kakataza."

"Yule mama anajua ndege gani? Na Hammud nani atamtoa, wewe? Uoga umekujaa mpaka masikioni."

Akatoka. Kama ni ubishi au ni mapenzi kwa Hammud, mwenzake wa kunywa chai kila alasiri, sijui. Aliinua boriti ile kwa mgongo. Umm Sattuf alikuwa akimburuta mumewe kwapani kuelekea ngazi za kisima aliporudi Mama Mkwe.

Kilichobaki cha Abu Dirgham tulikiokota juu ya mizeituni, tukakitia kwenye mfuko wa unga.

Hammud alizinduka jioni, mbavu zimevunjika, akauliza ni nani aliyemtolea boriti.

"Kunywa maji kwanza, mwana wa ami yangu," mkewe akamwambia, akamshikia kikombe kwa mikono miwili.