Kumbi Nilizozipiga Picha Zikiwa Tupu

Kazi yangu ni kupiga picha kumbi za muziki. Nikisema hivyo nyumbani Singida, watu husubiri niendelee, kana kwamba sijamaliza sentensi. Wanadhani napiga wanamuziki, au maharusi, na ukumbi umeingia tu kwa nyuma. Hapana. Napiga jengo lenyewe: viti, kuta, dari, ngazi, jukwaa lisilo na mtu. Picha hizo hununuliwa na wachapishaji wa vitabu vya wasanifu majengo, na kwa miaka kumi na miwili zimenifikisha Ulaya, Japani, Brazili na miji ambayo nisingeijua hata jina. Nilianza na picha za pasipoti kwenye studio ya chumba kimoja Singida mjini. Nilivyotoka huko hadi kufika huku sina hakika navyo hata mimi, na kila nikijaribu kueleza naona kama nasimulia habari za mtu mwingine.

Mama yangu anaishi Ihanja, kando ya barabara kuu, katika nyumba niliyozaliwa. Kila nikirudi safari hutaka nimwonyeshe picha. Tunakaa kitandani kwake, naiweka kompyuta mapajani, naye anatazama kwa makini kama anayechambua mchele. Siku moja, baada ya ukumbi wa nne au wa tano, akaniuliza kwa Kinyaturu, lugha yetu tukiwa wawili:

"Wenyewe wako wapi, wamefiwa?"

"Hapana, mama. Tunapiga kabla hawajaingia."

"Na wakishaingia, humo ndani sauti inakuwaje?"

Nikamwambia inakuwa nzuri sana.

Ukweli ni kwamba sikujua. Katika kumbi zote hizo sikuwahi kusikia hata wimbo mmoja. Naingia asubuhi, mlinzi ananiwashia taa, nafunga stendi ya kamera, nasubiri mwanga ukae ninapoutaka. Mchana wanamuziki wanakuja mazoezini, mimi natolewa kwa mlango wa nyuma na mikoba yangu. Jioni watu wanapopanda zile ngazi na nguo zao za heshima, nipo uwanja wa ndege au nimeshalala. Mara moja mlinzi mmoja mzee alinionea huruma akanitafutia kiti cha pembeni nibaki nisikilize. Nilikataa kwa sababu miguu iliniuma. Isitoshe, nilijiona nazijua kumbi zile kuliko hao wanaokaa ndani yake.

Mama, kwa upande wake, ni mwimbaji. Katika kwaya ya kanisani kwao ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo tangu mimi sijaanza shule. Wimbo wao haumsubiri mtu: mwanzishaji anatupa mstari, kwaya inaupokea, na kabla hawajaushusha yeye ameshatupa mwingine. Ukichelewa kidogo unavunjika. Walikuwa wakiimbia kwenye kanisa la zamani, jengo fupi la udongo lililoezekwa kwa miti na udongo kama tembe za mababu, kuta zimekandikwa kwa mikono mpaka alama za vidole zikabaki. Lilikuwa na giza, na masika lilivuja. Nililionea aibu, na sikuwahi kulipiga picha.

Kwa hiyo kamati ya ujenzi ilipoamua kujenga jengo jipya, kubwa, la ibada na kwaya na mikutano, nilifurahi. Walikuwa wanaliita ukumbi. Nami nilikuwa nimekuja likizo, wakanialika kwenye kikao chao. Mwenyekiti ni mzee wa makamo ya marehemu baba. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema mbele ya wote:

"Mwanetu, wewe umezunguka dunia umeona kumbi za wakubwa. Sisi hapa tumeona magodauni tu. Tuambie tujengeje, ili hawa mama zako wakiimba wasikike mpaka nyuma."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema sijui. Kuuliza si ujinga, na kusema sijui nako si ujinga. Lakini wote walikuwa wananitazama, na mama alikuwa ameketi kwenye benchi la wanawake amejifunga kitenge kipya kwa ajili yangu. Nikasimama. Niliwaambia kuta zipigwe plasta laini kabisa, zipakwe nyeupe, mwanga uteleze juu yake. Dari ipande juu. Chini ziwekwe marumaru zinazong'aa. Wasitundike mapazia wala vitambaa, vinaziba mistari ya jengo.

Fundi, mtu mzima mwenye mikono ya saruji, alikuwa anaandika yote kwenye kipande cha mfuko wa saruji. Akainua kichwa.

"Na sauti, dada?"

"Sauti itapata nafasi," nilisema. "Nafasi ikiwa kubwa, na sauti inakuwa kubwa."

Akaandika na hilo.

Ukumbi ulikamilika mwishoni mwa Oktoba, kabla ya mvua. Niseme wazi: ulikuwa mzuri. Nilipoingia siku ya ufunguzi nilihisi fahari ambayo sikuwahi kuihisi mbele ya majengo ya watu. Jua lilipita madirishani likalala juu ya marumaru, na kuta zilikuwa nyeupe kama maziwa. Nilijibana pembeni na kamera nikaanza kazi, huku watu wakijaa kwenye mabenchi.

Kwaya ikasimama, sare mpya za zambarau. Mama akatoka hatua moja mbele akatupa mstari wa kwanza.

Kwaya ilikuwa bado haijafungua mdomo, kuta zikaupokea. Maneno yake yaligonga ukuta wa nyuma yakarudi, yakakutana na yale yaliyokuwa yanashuka kutoka darini, yakawa mengi bila kuwa neno lolote. Wanakwaya wakatazamana. Wengine waliingia mapema, wengine wakangoja. Mama akatupa wa pili, kwa nguvu zaidi, ikawa vurugu zaidi. Akajaribu kwenda polepole. Katikati ya mstari wa tatu akanyamaza, akashika koo, akakohoa, na kikohozi chenyewe kikazunguka ukumbi mzima. Binti mmoja wa kwaya akachukua kipaza sauti, kinanda kikafunguliwa mpaka mwisho, wakaendelea hivyo hivyo kwa kelele. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshapata picha nzuri kuliko zote za mwaka ule: marumaru, jua, na kivuli cha dirisha.

Jioni mimi na mama tulikuwa tunachambua mboga ya mlenda uani.

"Niambie wewe uliyeona kumbi nyingi," akasema. "Ni mimi, au ni nyumba?"

Nilichanganyikiwa. Kitu fulani ndani yangu kilijua kwamba sauti ile haikuwa ya mtu aliyechoka. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ameimba akikuna nazi nikamsikia kutoka barabarani. Lakini jengo zuri kiasi kile lingekosaje? Macho yangu yalikuwa yananiambia halina kosa, na macho ndiyo yaliyonilisha miaka yote. Nikasema kwa upole, kama mtu anayefanya wema:

"Ni umri, mama. Koo nalo huzeeka."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi sawa," akasema.

Wiki hiyo alikunja sare yake akaipeleka kwa kiongozi wa kwaya. Mimi nikasafiri. Nilipiga kumbi mbili Ulaya na moja Amerika ya Kusini, na kila nikipiga simu nyumbani nilimuuliza kama amerudi mazoezini. Alisema yuko salama, mvua zimenyesha, alizeti zimeota. Dada yangu aliyeolewa Nduguti alikwenda kumtembelea, akanipigia kuniuliza kama mama anaumwa. "Anatwanga kimya," aliniambia. "Hata kwa kuguna haimbi." Nilimjibu ni uzee, tumvumilie. Nikikumbuka jibu hilo sasa natamani mtu angenipiga kofi.

Nilirudi Juni, mavuno yamepamba moto. Mwenyekiti aliniomba nipige picha ya ukumbi kwa ajili ya kalenda ya kanisa, nikaenda asubuhi moja na stendi yangu begani. Nilipofungua mlango nilikasirika. Ilikuwa wiki ya sadaka ya mavuno, ambapo kila nyumba huleta sehemu ya kile shamba lilichotoa, na kwa kuwa ghala la kanisa lilikuwa limejaa, magunia yalikuwa yameingizwa ukumbini. Alizeti, mtama, uwele. Yalipangwa kuzunguka kuta mpaka usawa wa madirisha, na mengine yamelundikwa nyuma karibu yafike darini. Ukuta mweupe haukuonekana. Vumbi la makapi lilikuwa kila mahali.

"Nani kaweka magunia haya?" nilifoka, ingawa hapakuwa na mtu.

Nilisikia kila neno. Lilitoka mdomoni, likafika, likakoma. Nikabaki nimesimama. Nikapiga kofi moja. Kofi likawa kofi tu. Nikaenda mbele, karibu na madhabahu ambako palikuwa hapajawekwa kitu, nikapiga tena. Likaruka kutoka ukuta huu kwenda ule, likanirudia kama mpira. Nikarudi kwenye magunia. Nikaenda mbele tena. Mtu angenichungulia dirishani angesema nimerukwa na akili.

Mwishowe niliketi juu ya gunia la mtama nikafungua kompyuta. Nilitazama kumbi zangu zote, moja baada ya nyingine, na sikuweza kupata hata moja yenye ukuta kama huu niliowaamuru watu wa kwetu wajenge. Kila ukuta ulikuwa na mbao zenye mifereji, au vipande vilivyotokeza na kuingia, au matuta. Viti vyote vilikuwa na sponji na kitambaa. Dari zimekatwa-katwa, hazikulala sawa. Yale matuta nilikuwa nayalaani kila safari kwa sababu yanatupa vivuli vibaya kwenye picha. Nilidhani ni mapambo. Miaka kumi na miwili nilikuwa natazama kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya sikio, nikalalamika kwamba kinanisumbua jicho. Na kanisa letu la udongo, lenye mabonde ya vidole ukutani, lilikuwa limebomolewa kwa kelele za furaha.

Hapo kichwa hakikutulia, kilizidi kuvurugika. Ikiwa ni nyumba, basi si yeye. Ikiwa si yeye, nilimwambia nini? Na itakuwaje kama ni vyote viwili, nyumba mbaya na koo lililozeeka kweli, nikamtoa mama yangu nyumbani kwa matumaini halafu akashindwa mara ya pili?

Nilimkuta uani anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, kimya kama alivyosema dada. Nilimwambia twende ukumbini.

"Kufanya nini?"

"Ukaimbe kidogo."

"Niache na umri wangu," akasema, na fimbo haikusimama.

Kilichomtoa si maneno yangu. Alikuwa hajapeleka sadaka yake. Mchana alijitwisha debe la alizeti, akakataa nimpokee, nikamfuata nyuma mpaka ukumbini. Alimimina alizeti zake kwenye gunia lililokuwa wazi, akakung'uta debe, akasimama katikati ya yale magunia akijifuta shingo na upande wa khanga. Nikamwambia:

"Mama, anzisha wimbo wowote. Mstari mmoja tu. Nakuomba."

Alinitazama. Sijui aliona nini usoni kwangu. Akaanza kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayeonja mchuzi, kisha akanyamaza akageuza kichwa, kama anayesubiri ukuta umjibu. Ukuta haukujibu. Akarudia mstari uleule, sasa kwa sauti yake yenyewe, ile niliyolala nayo mgongoni kwake nikiwa mtoto. Ilikwenda mpaka nyuma ya ukumbi ikakaa. Haikutetemeka wala kukatika. Akatupa wa pili, akaacha nafasi ya kwaya isiyokuwepo, akatupa wa tatu, na akaumaliza wimbo wote peke yake, beti nne, amesimama na debe mkononi. Mimi nililia, sikuona sababu ya kujificha.

Alipomaliza alikuwa ameshika koo lake kwa vidole viwili, kama anayelikagua.

"Limepona," akasema.

Ningeweza kuacha hivyo. Angekwenda nyumbani akashukuru, nami ningebaki binti aliyezunguka dunia. Lakini nilijua wiki ijayo magunia yangeuzwa, kuta zingebaki wazi, na koo lake lingeonekana limeugua upya. Nikamwambia yote. Kwamba halikuwa limeumwa. Kwamba ni kuta, na kuta nilizitaka mimi. Kwamba sikuwahi kukaa nikasikiliza muziki katika ukumbi hata mmoja kati ya nilizomwonyesha. Kwamba siku ile uani aliponiuliza, nilichagua nyumba, nikamwacha yeye.

Nilitegemea anikaripie, na ningefurahi. Aliweka debe chini, akakaa juu ya gunia.

"Miezi minane," akasema, "kila asubuhi napiga magoti namwomba Mungu anirudishie sauti yangu. Kumbe wala si yeye aliyeichukua."