Asiyekubali Kushinda

Nyumbani kwa fundi makochi viti havikosi; wanaokosekana ni wakaaji. Viko vya miguu mifupi na vya mikono mipana. Vingine vimebaki mbao tupu kama mbavu, vingine vimeshavikwa kitambaa kipya na kufunikwa nailoni, vinawangoja wenyewe. Vyote ni vya watu. Fundi mwenyewe hukalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, juu yake kipande cha sponji, kwa sababu kochi la mteja halikaliwi. Hiyo ni sheria aliyojiwekea tangu alipoanza kazi, na hajaivunja hata siku ambazo mgongo unamtesa.

Mkewe alifariki mtoto wao akiwa darasa la pili. Mtoto huyo, wa kike na wa pekee, alikulia katikati ya sponji, gundi na misumari. Kila baba yake alipofumua kiti kikuukuu alikikung'uta kwanza, na kifungo chochote kilichodondoka kilikuwa mali ya binti. Ndiyo maana akamwita Kifungo. Seremala wa mlango wa pili, mtu ambaye ulimi wake hauna breki, hakulichoka jina hilo.

"Wewe mzee," alikuwa akisema, "wenzako wanapewa kifungo cha miaka miwili, mitatu, wanatoka. Chako cha maisha!"

Fundi alicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anausikia utani huo.

Sasa Kifungo yuko mbali, safari ya ndege mbili. Anafua mashuka katika hospitali moja kubwa. Jumapili hupata mapumziko marefu kidogo, huketi kwenye ngazi nyuma ya mashine za kufulia na kumpigia baba yake. Mwanzoni simu hizo zilikuwa fupi hata zinatia aibu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula. Kazi?"

"Ipo."

"Basi, tushukuru."

Baada ya hapo kila mmoja alimsikiliza mwenzake anavyopumua, mpaka mmoja aseme, "Haya." Hawakuwa na ugomvi wowote. Walikuwa tu wamezoea kukaa chumba kimoja, huyu na nyundo yake na yule na madaftari yake, na ukimya wa chumba kimoja haupitishiki kwenye simu.

Kifungo ndiye aliyeleta poka. Alifundishwa na wenzake kazini, akamwelekeza baba yake namna ya kuuweka mchezo huo kwenye simu na kufungua meza ya faragha ya watu wawili. Pesa haikuhusika hata senti moja. Kila mmoja alianza na rundo sawa la vidude vya mviringo, vya rangi rangi, ambavyo wachezaji huviita chipu.

"Hivi si vifungo hivi?" fundi aliuliza.

Wakaviita vifungo tangu siku hiyo.

"Sikiliza, Baba. Unapewa karata mbili, mimi sizioni. Na mimi nina zangu mbili, wewe huzioni. Lakini kabla ya karata, mmoja wetu anaweka dau la lazima, mwenzake anaweka nusu yake. Raundi inayofuata tunabadilishana."

"La lazima kwa nini? Tumekamatwa?"

"Ili pawe na kitu cha kugombania. Bila hivyo kila mtu angengoja karata nzuri mpaka Kiama. Sasa, ukiona karata zako mbaya, unatupa, nami nazoa kilichowekwa. Ukiona zina uhai, unafuata, yaani unaweka sawa na nilichoweka mimi. Ukijiamini, unapandisha."

"Na kama wewe hujaongeza kitu?"

"Basi unaweza kupita bure. Halafu mezani zinafunuliwa karata tatu, za wote. Tunaweka dau tena. Inafunuliwa ya nne, tunaweka. Ya tano, tunaweka mara ya mwisho. Zako mbili na zile tano ni saba. Unachagua tano zilizo bora. Jozi inashindwa na jozi mbili, jozi mbili zinashindwa na tatu za aina moja, tatu zinashindwa na mfululizo, mfululizo unashindwa na tano za ua moja, kopa tupu au shupaza tupu. Huko juu kuna nyingine, utazijua ukizipata."

Fundi alifikiri. "Na nikiwa na takataka lakini nikapandisha?"

"Huo ni mkwara. Nikiogopa nikatupa, unazoa vyote, na huna haja ya kunionyesha ulikuwa na nini."

"Kumbe ni uongo."

"Ni mchezo, Baba. Ila kuna ile alama ya jicho. Ukishatupa karata ukaigusa, mimi nitaona ulichotupa. Usiiguse. Ni ya wenye majivuno."

Aliuelewa upesi kuliko Kifungo alivyotarajia. Mtu aliyezoea kubonyeza kochi kwa kiganja na kujua springi ipi imekufa hashindwi kujua binti yake anapopandisha kwa mkwara. Pumzi yake hukatika kidogo. Jumapili ya kwanza alimmaliza mapema. Vifungo vyote vikawa upande wake, na simu ikaandika kwamba mchezo umekwisha.

"Haya, Baba, umenila," Kifungo alisema akicheka. "Baki salama."

Simu ikakatwa. Fundi akabaki juu ya ndoo yake, ameshinda, chumba kimejaa viti.

Hapo ndipo alipoanza kucheza mchezo wake mwingine, ambao hakumwambia mtu. Alitambua kwamba maadamu kila mmoja ana vifungo, Kifungo yuko kwenye simu. Basi rundo lake lilipozidi, alitupa karata hata zikiwa na jozi ya wafalme. Rundo la binti lilipozidi, alicheza kwa akili zote mpaka akayasawazisha. Aliyashika marundo yale mawili kama mtu anayeshika mizani asitake upande wowote uguse chini. Na katikati ya karata, maneno yalipatikana. "Hiyo umeniweza." "Umejifunza wapi ujeuri?" "Hapa kuna mzungu mmoja anakoroma akiwa amesimama." Yalikuwa mambo madogo, lakini wiki nzima aliishi nayo.

Adui yake alikuwa lile dau la lazima. Kila baada ya muda mchezo wenyewe uliliongeza maradufu, hata mwishowe kila raundi ikawa ya kufa na kupona. "Hata simu haina subira na mtu," alimlalamikia seremala.

"Mnacheza kwa shilingi ngapi?"

"Hatuchezi kwa pesa."

"Kamari bila pesa, mzee wangu, ni harusi bila bibi harusi. Mmekusanyika kula nini?"

Fundi alirudia kupigilia misumari. Angeanzaje kueleza?

Jumapili ninayotaka kuisimulia, alikuwa na kochi la watu watatu la mwalimu mmoja mstaafu, limevuliwa nguo zake zote, mikanda ya mpira inaning'inia. Kifungo alipiga akiwa na sauti ya kuchoka. Walicheza raundi chache kabla hajasema.

"Baba, wananihamisha zamu. Kuanzia wiki ijayo Jumapili nitakuwa ndani siku nzima."

"Na hiki kipumziko?"

"Kitahamia siku nyingine, sijajua ipi. Labda tutakuwa tunaandikiana tu."

"Sawa, mama," fundi alisema. "Kazi ni kazi."

Lakini kama hii ndiyo Jumapili ya mwisho, basi isiishe. Alitupa ilipofaa kufuata. Alipita ilipofaa kupandisha. Dau la lazima lilipanda, likapanda tena, na rundo la Kifungo, kwa bahati mbaya tu, likazidi kupungua. Ndipo fundi akapewa ree mbili, karata kubwa kuliko zote. Alifuata dau dogo la binti yake, kwa woga, kama mtu anayekanyaga ubao uliooza. Mezani zikafunuliwa karata tatu: saba, nne, na ree nyingine.

"Naweka vyote," Kifungo alisema.

Ilibaki kufuata tu. Kwa ree tatu, mchezo ungekwisha, naye angesikia lile "Baki salama." Fundi akatupa.

Dole gumba lake ni kubwa, limekakamaa kwa gundi ya miaka mingi. Lilipoondoka kwenye neno la kutupa, lilijikokota juu ya kioo na kugusa jicho.

Mashine zilisikika nyuma ya Kifungo zikizungusha mashuka.

"Baba. Umetupa ree tatu?"

"Kidole kimeteleza."

"Kidole kimeteleza kwenye jicho. Kwenye kutupa hakikuteleza. Mtu hatupi ree tatu, Baba. Hata mtoto hatupi. Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Baba!"

"Tangu Jumapili ile ya pili," fundi alisema. "Ya kwanza nilikushinda, ukakata simu."

Alitarajia acheke. Hakucheka.

"Mimi nawatambia watu hapa kwamba baba yangu simwachii nafasi," alisema polepole. "Nakaa kwenye hizi ngazi nasema angalau kuna mtu mmoja duniani nacheza naye. Kumbe nilikuwa nacheza peke yangu."

"Usiseme hivyo, mama."

"Si ulikuwa unanifundisha wewe? Asiyekubali kushindwa si mshindani. Haya, na asiyekubali kushinda ni nani?"

Fundi aliviangalia viti kana kwamba kimojawapo kingejibu.

"Cheza," Kifungo alisema. "Safari hii nile kweli, au nikule. Raundi hii naweka vyote bila kusubiri. Vyangu bado ni pungufu ya vyako. Ukinionea huruma nitajua."

Karata zikaja. Fundi alikuwa na mfalme na tisa, za maua tofauti. Hazikuwa mbaya wala nzuri. Safari hii hakuangalia marundo. Alijiuliza kile ambacho mchezaji hujiuliza: huyu ana nini? Alisikiliza pumzi yake. Haikukatika. Basi si mkwara, ana kitu, ila si kikubwa. Aliuma mdomo kama anapokata kitambaa cha bei ambacho hakina kipande cha ziada.

"Nafuata," alisema.

Karata za Kifungo zikafunuka: jozi ya sita. Mezani zikaanza kushuka. Mbili, kumi, tano. Hakuna kitu. Malkia. Hakuna kitu. Kifungo akaanza kuguna kwa ushindi, ile sauti yake ya utotoni alipokuwa akificha kete za bao, na ya tano ikafunuka: mfalme.

"Aah! Mzee huyu!" alipiga kelele. "Na karata ya mwisho! Huna haya?"

"Umetaka mwenyewe."

"Mchawi wewe!"

Walicheka wote wawili. Kisha simu ikaandika kwamba mchezo umekwisha, na kicheko kikaisha taratibu, na fundi akasubiri.

Simu haikukatwa.

"Wiki hii unafumua nini?" Kifungo aliuliza.

Ilimchukua muda kuelewa kwamba ni yeye anayeulizwa. "Kochi la mwalimu. La watu watatu."

"Umekuta nini ndani?"

"Kitana. Kifuniko cha kalamu. Risiti imefutika."

"Na kifungo?"

"Hakuna. Siku hizi watu wanavaa zipu."

Alimsikia akicheka kwa pua. Hawakuwa na jingine la kusema baada ya hapo. Walibaki kwenye laini, mashine zikizunguka upande ule, na upande huu randa ya seremala ikipita na kurudi juu ya ubao. Kengele ilipolia huko, Kifungo alisema, "Wananiita, Baba."

"Nenda."

"Siku yangu mpya nikiijua nitakwambia."

"Niambie."

Kioo kilimwuliza fundi kama angependa kucheza tena. Kiti cha upande wa pili wa meza kilikuwa wazi. Hakugusa kitu, na baada ya muda kioo kikazima chenyewe.

Kisha akainuka kwenye ndoo, akalishika lile kochi la mwalimu kwa mikono miwili, akalipindua juu chini, na ingawa alikwisha kulikung'uta tangu Ijumaa, akalikung'uta tena.