Tano kwa Jirani

Kazi ya Ibtihal ni kukusanya mawazo ya watu na kuyachorea ramani, na kwa miaka yote aliyoifanya hapo mjini Karak hajapata kukasirika kama msimu huu wa baridi. Kliniki ya kisukari iliweza kuongeza huduma moja tu, na ramani ndiyo ingeamua. Moyoni aliomba iwe ya miguu. Mama yake mkubwa, Nijma, alishakatwa mmoja, na huo wa pili ulikuwa umeanza kutoka kidonda.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Kila mama anayetibiwa pale alitoa sentensi yake ya huduma anayoitaka, ikaandikwa kwenye kadi. Ya miguu aliitoa Nijma. Kisha kila mmoja akazipanga kadi zote mafungu mafungu, kwa jinsi yeye alivyoona zinafanana. Kompyuta ikaunganisha mafungu ya wote, ikachora ramani safi: miguu huku, dawa kule, chumba cha kungojea pembeni. Ikabaki kuzipa kadi alama, moja hadi tano, kwa uzito wake.

Hapo ndipo adabu ilipoharibu kazi. Kadi zote zilitoka sawa. Miguu na ile ya Umm Ghalib, iliyoomba chai ya wanaongojea daktari, hazikupitana hata kidogo. Ibtihal akawabembeleza warudie, kila mtu nyumbani kwake, peke yake. Zikarudi vilevile. Alitamani kuzitia zote motoni ziungue.

Daktari Muwaffaq, mkuu wa kliniki, akaitazama ramani akacheka. "Yote yana uzito mmoja, dada yangu. Basi tuanze na lililo rahisi." Likaagizwa birika la umeme.

Ibtihal akaenda moja kwa moja kwa Nijma.

"Mama, chai umeipa tano? Chai?"

"Ningempaje Umm Ghalib moja, na wote tunajua kadi ni yake? Nilipolazwa, yeye ndiye aliyenipikia."

"Kwa hiyo kila mtu kampa mwenzake tano. Wallahi nyie mtaniua."

"Usinipandishie sauti, binti."

"Na zile moja? Kila kadi ina moja yake, katikati ya tano tupu. Nani anazitoa?"

Nijma akavuta blanketi, akaufunika mguu. "Ni mwenye kadi, nani mwingine? Mtu ajipe tano mwenyewe, ana haya huyo?"

Chini ya blanketi kidonda kilikuwa kimeanza kunuka.