Fundi anayewapigia simu makocha waliopotea

Saa mbili na robo asubuhi, kibanda cha fundi simu kimeshafunguliwa. Mezani zimelala simu sita zilizofunguliwa migongo, kila moja ikiwa na kikaratasi cha ugonjwa wake: chaji, spika, kioo, maji, maji, haijulikani. Fundi mwenyewe hajazigusa. Ana simu yake sikioni, kalamu mkononi, na mbele yake orodha ya watu saba.

"Habari za asubuhi, kocha," anasema. "Ni mimi, mwenye ligi. Naona hujaingia siku kumi na moja. Uko salama?"

Upande wa pili mtu anaangua kicheko kinachosikika mpaka barazani. Ni dereva wa lori. Anasema amefungwa mechi saba mfululizo na ameamua kuupumzisha moyo. Fundi anaweka alama ya vema mbele ya jina lake na kupiga namba inayofuata. Wa pili anadhani ni tapeli, anamtukana kidogo na kukata. Wa tatu ni mwenye duka la vifaa vya umeme, mwanamke, na sauti yake iko chini sana.

"Nimejifungua," anasema. "Wa kike. Amelala sasa hivi, usinichekeshe."

"Hongera sana, kocha. Timu yako ipo palepale. Hakuna atakayeigusa."

Anaandika "amejifungua" kwenye orodha, kwa herufi kubwa. Mteja aliyeleta simu yenye maji anangoja kwenye benchi bila kulalamika. Wateja wa hapa wameshazoea kwamba kabla ya simu zao fundi ana wagonjwa wengine wa kuwaona.

Makocha hao si makocha. Ni madereva, wauguzi, walinzi, walimu na watu wasio na kazi, ambao kila mmoja ana klabu ya mpira ndani ya mchezo wa mtandaoni alioutengeneza fundi huyu peke yake kwa miaka sita. Kocha hupanga kikosi kwenye simu, huuza na kununua wachezaji, na saa saba mchana kompyuta iliyo chini ya meza hii hucheza mechi zote kwa mpigo na kutoa matokeo. Leo ligi ina makocha elfu moja mia moja na arobaini. Jumamosi linafunguliwa toleo la tatu, lenye msimu mpya.

Kila Ijumaa fundi hubandika mtandaoni tangazo fupi analoliita "Tulipofikia". Nimeyasoma yote kabla ya kuja kuandika habari zake, na mengine yalinichekesha peke yangu. "Mvua imekamilika, penalti bado." "Waamuzi wamepunguziwa kadi nyekundu, walizidisha." "Majeruhi sasa wanapona." Mtu asiyejua angedhani ni barua kutoka sayari nyingine.

Mkewe ni mshonaji, na cherehani yake iko kibanda cha pili, ukuta wa mbao tu katikati. Nilipomuuliza anauonaje mchezo huo, hakuacha kushona.

"Wenzangu wana waume wanaotazama mpira," alisema. "Wangu anaupika. Na bado hajui kuupiga."

Ni kweli hajui, wala haoni haya kusema. Shuleni alikuwa anawekwa golini kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kumficha. Kompyuta aliijua, mpira hakuujua. Aliyeujua alikuwa mjomba wake, mdogo wa mama yake, aliyefundisha timu ya mtaa kwa miaka ishirini na miwili bila mshahara, huku kazi yake ya kila siku ikiwa kupaka rangi nyumba za watu.

"Mwanzoni nilimpelekea nilichofanya, akacheka mpaka akakaa chini," anasema fundi. "Akaniambia, wachezaji wako hawachoki, hawaogopi, na hawajawahi kunyeshewa. Hawa si watu, ni viti."

Basi kwa miaka mitano mjomba alikuwa anakuja kibandani kila jioni na daftari. Alimfundisha kwamba kipa aliyefungwa bao la kizembe huiogopa krosi inayofuata. Kwamba beki wa pembeni huchoka dakika ya sabini lakini hatasema. Kwamba mvua huua pasi fupi. Fundi aliyageuza maneno hayo kuwa hesabu, moja baada ya nyingine, mpaka viti vikaanza kupumua.

Klabu namba moja katika ligi ilikuwa ya mjomba. Hakuchukua wachezaji waliobuniwa na kompyuta. Aliandika kwa mkono wake majina ya utani ya vijana aliowafundisha kweli, walio hai na waliokwisha kufa: Mapafu, Kimya, Fagio, Sindano, Bwana Harusi. Baadhi yao ni babu sasa. Kwenye ligi wote walikuwa na miaka ishirini na mmoja, na walishika nafasi ya nne.

Kanuni iliyoharibu kila kitu ilikuwa ya mjomba pia. Ligi ilijaa timu zilizotelekezwa, na fundi alimwomba ushauri. Mjomba alijibu bila kufikiri: asiyekuja mazoezini hachezi. Fundi akaandika kwamba kocha asipoingia kwa siku ishirini na moja, klabu yake inapewa mtu mwingine. Wakakaa wawili hao, wakatunga na ujumbe wa kumtumia mtu wa namna hiyo, huku wakicheka: "Kocha, umefukuzwa kazi kwa utoro. Timu imepata mtu makini."

Miezi minane iliyopita mjomba alipatwa na kiharusi. Alilazwa hospitali wiki tano. Mkono wa kulia na mguu wa kulia viligoma, na simu yake ilikaa kwenye droo imezima.

 Fundi anachukua bisibisi, anaigeuza, anairudisha. Namuuliza alikwenda hospitali mara ngapi.

"Mara moja. Siku ya kwanza." Anaichukua tena bisibisi. "Kutoka hapa ni dakika ishirini kwa miguu. Nilikuwa naandika sehemu ya majeruhi. Toleo la pili lilikuwa linachelewa, watu wananipigia kelele mtandaoni. Nikawa nasema nitakwenda Jumapili. Jumapili ikifika, nasema ijayo."

Mkewe alikwenda mara sita. Kila akirudi alimwambia, mjomba anakuulizia.

Siku ya ishirini na moja, kompyuta ilifanya kama ilivyoagizwa. Ilimtumia mjomba ujumbe ule na kuigawa klabu namba moja. Aliyepewa alikuwa mtu mkunjufu, asiye na hatia, ambaye siku hiyohiyo aliwabadilisha wachezaji wote majina na kuwapa ya mashemeji zake.

Fundi alikuja kugundua baada ya wiki tatu. Alikimbilia nakala ya akiba na kukuta alikuwa na nakala moja tu, ambayo kila Jumatatu huandikwa juu ya ile ya zamani. Mtu anayewahubiria wateja wake kutwa nzima kuhifadhi picha zao mahali pawili, yeye alihifadhi ligi nzima mahali pamoja.

"Kinachoniuma si nakala," anasema. "Mashine ilijua mjomba hayupo kabla yangu mimi. Ilihesabu siku. Mimi sikuhesabu."

Ujumbe ule mjomba aliusoma alipotoka hospitali, akiishika simu kwa mkono wa kushoto. Hakulalamika kwa mtu. Hajaingia tena kwenye ligi tangu siku hiyo.

Tangu hapo fundi ameifuta kanuni. Badala yake kompyuta humpa kila asubuhi orodha ya wasioonekana kwa siku kumi, na yeye huwapigia mmoja mmoja. Pia humtembelea mjomba kila Jumapili bila kukosa. Wanaongea kuhusu mguu, dawa na hali ya hewa. Kuhusu ligi hawajaongea hata neno moja.

Kwa siri, kwa ridhaa ya yule aliyepewa, anaijenga upya klabu namba moja ili iwepo Jumamosi. Katika madaftari ya zamani yaliyobaki kibandani amepata majina tisa. Tisa hayatoshi, kwa sababu mchezo wake mwenyewe haukubali kikosi chenye wachezaji chini ya kumi na mmoja. Wawili waliobaki anawajua mjomba peke yake.

"Kwa nini usimuulize?" nilisema.

"Nikimuuliza, ndio nimelitaja jambo lenyewe." Alitazama chini ya meza, kompyuta ilikokuwa inaunguruma. "Nitamuuliza Jumapili."

Cherehani upande wa pili ilinyamaza.

"Jumapili ipi, baba watoto?" mkewe aliuliza kupitia mbao. "Ligi yako si inafunguliwa Jumamosi? Halafu hiyo Jumapili yako mimi naijua. Ndiyo ileile."

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi.  Fundi alimwomba radhi mwenye simu ya maji, akafunika meza kwa kitambaa na kushusha mlango wa bati. Nilimfuata.

Mjomba alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mkono wa kulia umelala pajani. Ni mtu mrefu, hata akikaa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona leo? Leo si Jumapili. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimekuja kukuuliza timu."

Mzee alimtazama, kisha akanitazama mimi na kalamu yangu, kisha akarudisha macho kwa mpwa wake. Mdomo wake ni mzito upande mmoja, lakini maneno yanatoka yote.

"Miezi sita unaniuliza mguu," alisema. "Mguu una daktari wake. Nimekaa hapa nangoja uniulize timu."

Fundi alianza kuomba msamaha. Maneno yalimpanda na kumshuka, akayachanganya na nakala ya akiba, toleo la pili na mambo ya Jumatatu. Mjomba alimwacha amalize.

"Kanuni ni yangu, sikatai," alisema. "Asiyekuja mazoezini hachezi. Lakini wewe ulichukua nusu. Mchezaji wangu akikosa siku ya kwanza, hachezi. Akikosa ya tatu, mimi nilikuwa nakwenda kwao. Nabisha hodi, nakaa, nauliza kuna nini."

"Hilo hukuniambia, mjomba."

"Sikudhani mtu huambiwa hilo."

 Mimi nilitazama viatu vyangu. Baadaye fundi alitoa daftari na kusoma yale majina tisa, na mjomba alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila jina likitajwa, kama mwalimu anayeita mahudhurio. La kumi alilitoa papo hapo: Tarumbeta, winga wa kulia, aliyekuwa akipiga kelele kuomba mpira hata akiwa anao.

"Na beki wa kushoto?" fundi aliuliza.

Mjomba alifungua mdomo, akaufunga. Aliinua mkono wake mzima, wa kushoto, na kuuzungusha hewani.

"Namwona," alisema. "Mfupi. Anafunga kamba za viatu amesimama, mguu kauweka juu ya mpira. Alikuwa hali chakula kabla ya mechi. Mama yake aliuza mkaa. Jina... jina nilikuwa nalo."

Tulingoja. Gari lilipita nje, likaja jingine.

"Baada ya kutoka hospitali nilikuwa nalo," alisema taratibu. "Nilikuwa nayapanga yote usiku nisisahau, nikijua utakuja. Mwezi uliopita nilikuwa nalo. Ungeniuliza mwezi uliopita, mwanangu."

Fundi aliinamisha kichwa juu ya daftari. Nimeandika habari za watu wengi waliopoteza vitu vikubwa kuliko jina la utani la beki mmoja, na sikumbuki kumwona mtu ameumia namna ile.

"Nitabuni mmoja, mjomba," alisema mwishowe. "Tumweke pale, timu iweze kucheza."

"Hapana." Mjomba alisema kwa ukali wa mtu wa uwanjani. "Ile nafasi ina mwenyewe."

"Mchezo haukubali kumi."

"Mchezo si umeutengeneza wewe?"

Walikaa mpaka karibu saa saba, wakipanga jinsi watu kumi watakavyolinda upande wa kushoto. Mjomba alimrudisha Mapafu nyuma na kumwambia Fagio asipande hovyo. Alikiri kwamba watafungwa sana. Aliposhika simu kwa mkono wa kushoto kuandika nywila yake, alikosea mara mbili, na fundi hakumsaidia mpaka alipoombwa.

Tangazo la Ijumaa lilikuwa refu kuliko yote. "Tulipofikia: kuanzia msimu huu timu inaweza kuanza na wachezaji kumi. Klabu namba moja imerudi kwa mwenyewe. Iliondolewa kwake alipokuwa mgonjwa, na kosa lilikuwa langu, si la kompyuta. Penalti bado."

Jumamosi klabu namba moja ilifungwa mabao manne kwa bila. Matatu yalipitia kushoto.

Mpango wa fundi kwa msimu huu ni mdogo. Anataka kumaliza penalti, kuweka nakala za akiba mahali patatu, na kuendelea na orodha yake ya asubuhi. Jina la kwanza kwenye orodha hiyo sasa halibadiliki, ingawa mwenyewe huingia kwenye ligi kila siku. Jumatatu nilikuwa kwenye benchi la wateja alipompigia.

"Shikamoo, kocha," alisema. "Beki wetu amekuja?"

Alisikiliza kidogo, kalamu ikiwa juu ya karatasi.

"Haya, mjomba. Tunamwekea nafasi yake. Kesho nitakuuliza tena."